Kikombe Alichoonja Mabukwe

Naandika haya huku nyayo zinaniuma, na maumivu hayo nayashukuru. Kwa miezi mingi hazikuniuma hata nilipokanyaga mwiba. Kama unaanguka kifafa, au una mtu wako anayeanguka, na nyumbani kuna anayekuchemshia mizizi kwa mapenzi yake yote, nakuomba usome mpaka mwisho. Siandiki ili kukutisha. Mimi mwenyewe ni mwoga, mume wangu atakuambia, na sehemu kubwa ya habari hii ni woga mtupu.

Jina la mti wenyewe sitalitaja. Nawajua watu. Nikilitaja leo, kesho kuna mtu ataamka na jembe akauchimbe, eti ataweka kidogo tu.

Nakaa Buhinyuza, mkoani Muyinga, Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikulia ng'ambo ya mpaka huo, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikoolewa na Leonidasi, na huko ndiko nilikoanguka mara ya kwanza, mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya. Kwa Kirundi ugonjwa huu huitwa intandara, na watu wanauogopa kuliko UKIMWI. Wanaamini ukigusa povu la mwenye kifafa, au ukinywea kikombe chake, nawe utaanguka. Wauguzi wamesema mara ngapi kwamba si kweli! Watu wanaitikia kwa vichwa, halafu wanasogeza vikombe vyao.

Mama wa Leonidasi hakuwahi kusogeza kikombe chake. Namwita Mabukwe, kama mke yeyote wa kwetu anavyomwita mama mkwe, maana jina lake halitoki mdomoni mwangu. Yeye hakuniogopa mimi, aliogopa moto. Binti yake, dada mdogo wa Leonidasi, alianguka kifafa kambini akiwa peke yake anapika, akaangukia mafiga. Walimzika wiki iliyofuata. Kwa hiyo tangu siku aliyoniona naanguka, Mabukwe hakuniacha nikae na moto peke yangu. Nikiingia jikoni naye ameingia, hata kama ni kuchemsha maji ya kuoga tu.

Tuliporudi Burundi nilipewa vidonge kwenye kituo cha afya. Vilinisaidia, lakini vilinipa usingizi. Nililala shambani, nililala kanisani, siku moja nililala nimesimama huku nimeegemea jembe, Leonidasi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikaviacha, sikumwambia mtu yeyote. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema ili usidhani nimekuja hapa kumshitaki mtu.

Nilipoanza kuanguka tena, Mabukwe alikumbuka mizizi ambayo mwanamke mmoja kambini alimwonyesha baada ya binti yake kufa, yaani wakati ilikuwa haina faida tena. Aliitafuta vichakani kwetu akaipata. Akaichemsha siku nzima mpaka maji yakawa mazito na meusi, akayatia kwenye chupa, na tangu siku hiyo kila asubuhi alinimiminia kikombe.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililotuokoa na ndilo lililotuumiza. Kwetu anayekupa kinywaji anatangulia kukionja mbele yako, uone kwamba ni safi na moyo wake ni safi. Mabukwe alikunywa kwanza, kutoka kikombe kilekile cha mwenye kifafa, majirani wakiwa wanaona. Halafu hakuwa mtu wa kulowanisha midomo tu. Alimeza mafunda mawili, matatu, akafuta mdomo, akanipa: "Nywa, mwananje," yaani mwanangu. Ukishaonjeshwa hivyo na mama mkwe wako, kukataa ni kumwita mchawi.

Nilikunywa tangu mvua za masika mpaka tukavuna maharage, na sikuanguka. Mvua nyingine zikaanza, sikuanguka. Sijui nikueleze vipi furaha ile. Nilipika ugali peke yangu, Mabukwe akiwa amekaa nje mlangoni anajizuia kuingia, na ugali wenyewe ulitoka na madonge. Leonidasi aliula wote akasema ni mtamu, mwongo yule.

Siku ya kandambili ndiyo iliyonivunja. Nilitoka shambani nimebeba viazi, nikamkuta mke wa jirani njiani akanitazama miguu. "Mama Keziya," akasema, "kiatu kimoja kiko wapi?" Nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umechanika kisigino, damu na udongo vimegandamana. Nilikuwa nimetembea hivyo tangu ng'ambo ya kijito, nami sikuhisi kitu. Nilikaa chini palepale nikajifinya vidole vya mguu kwa kucha. Nikaviona vinabadilika rangi, lakini sikuvihisi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ganzi ilipanda mpaka vifundoni. Midomo ilichonyota baada ya kunywa, kama mtu aliyekula pilipili juzi. Vifungo vya blauzi vikanishinda, Keziya akawa ananifunga yeye, binti yetu wa miaka kumi, anageuza uso ili nisione analia. Nilijua kifafa kinaangusha mtu, sikujua kinamla miguu. Nikajiambia ugonjwa umebadilisha njia: umeshindwa kichwani, sasa unapitia chini. Mabukwe naye akaniambia hivyohivyo, akaongeza kikombe.

Halafu nikamwona Mabukwe mwenyewe anashika ukuta.

Alikuwa anatoka nyumbani kwake kuja kwetu, hatua kama kumi na tano, akaja ameshika ukuta. Alipochagua maharage yakamponyoka vidoleni. Wifi yangu, dada mkubwa wa Leonidasi, alikuja kutoka Muyinga mjini kumtazama mama yake, akaona kikombe kimoja juu ya meza, akaelewa alivyoelewa. "Umemwambukiza mama yetu," akaniambia, mbele ya watoto. Hata mimi niliamini. Jumapili iliyofuata benchi letu kanisani lilikuwa na nafasi kubwa kulia kwangu na kushoto kwangu. Leonidasi alininunulia sahani yangu na kikombe changu, vya bati, vya bluu. Akaviweka mezani bila kunitazama. Tumeoana miaka kumi na miwili, sijawahi kuumwa na kitu kama nilivyoumwa na ile sahani.

Mabukwe alikiona kikombe cha bluu, akakimiminia dawa, akakionja, akanipa.

Kwenye hospitali ya Muyinga tulikaa benchi kuanzia asubuhi, mimi na yeye, wagonjwa wawili tunaoegemeana. Muuguzi akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema situmii. Nilikuwa sisemi uongo kwa makusudi. Kwangu mimi dawa ni ile ya hospitali, na ile ya Mabukwe ilikuwa ya Mabukwe. Ukienda hospitali, ndugu yangu, ukiulizwa hivyo, taja kila kinachopita kooni mwako.

Kando yetu alikaa mama mmoja wa Uvira, Kongo, muuza vitenge, mnene, mchangamfu, mguu wake mmoja umefungwa bendeji. Alisikia kila kitu na hakuficha kwamba amesikia.

"Mi niko na sukari," akasema. "Mguu yangu iko inakufa pole pole, docteur alinielezaka. Lakini we, mama, uko na kifafa, sivyo? Na huyu mamake bwana yako hana. Na munafanana ugonjwa kabisa. Sasa munakulaka nini pamoja?"

"Kila kitu," nikasema. "Tunakaa pamoja."

"Hapana. Mume yako anakula na nyinyi, watoto nao wanakula. Bo wote hawana kitu. Mi nauliza nyinyi wawili tu. Munakunywaka nini, nyinyi wawili?"

Nilimtazama Mabukwe. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikaukumbatia mfuko wangu, maana jibu lilikuwa humo: chupa ndogo niliyobeba ili nisikose kikombe cha asubuhi.

Yule mama akaniambia kwamba Gitega, upande wa Mushasha, kuna bwana ambaye kazi yake ni kupima miti ya dawa. Alimpelekea majani yake ya sukari mwaka uliopita. "Alinikatazaka," akasema, "nikamukasirikia sana. Lakini niko hai, unaniona."

Mushasha ninaye dada, anapika kwenye shule ya masista. Leonidasi akanipandisha basi na chupa imefungwa kwenye kitenge. Mabukwe alibaki.

Yule bwana nitamwita Bwana Sipriani. Mlango wake haukuwa na foleni, kulikuwa na viti viwili vya plastiki ukumbini, na kutoka ndani ilitoka harufu ya spiriti na ya pumba. Niliogopa harufu ile kabla sijajua ni ya nini.

"Bon," akasema, "mama, kwanza tuelewane. Mi si daktari wa watu. Mi napima tu. Donc, wewe utakwenda leo hii kwa daktari wa mishipa ya fahamu, hapa hapa Gitega, nitakuandikia karatasi. Umwambie yote. Na usiache kitu wala kuanza kitu mpaka yeye aseme. Chupa unaniachia."

Kumwachia chupa! Nataka uelewe nilivyoishika. Kama maji yale ndiyo yaliyoniua miguu, ndiyo pia yaliyonizuia nisianguke. Nilikuwa nachagua kati ya kutambaa na kuungua. Nilimkabidhi, kisha nikaomba nirudishiwe, kisha nikampa tena. Hakunicheka.

Daktari alinirudishia vidonge, vya aina nyingine na kwa kiasi kingine, akaniambia sasa niache mizizi. Alinigonga magoti kwa kinyundo, miguu haikuruka. Alinichoma nyayo kwa kijiti huku nimefumba macho, akiniuliza, "Na hapa? Na hapa?" Nikawa nasema ndiyo, ndiyo, kwa kubahatisha, ili afurahi. Nilipofumbua macho nikamkuta ameshaweka kijiti mezani zamani.

Nilimpigia simu Leonidasi nikamwambia amkataze mama yake asionje tena kitu chochote. Akaniuliza kwa nini. Nikasema daktari ndiye aliyesema, nikakata, maana nilikuwa nalia.

Nilikaa kwa dada yangu mvua zikaisha na kiangazi kikaingia. Wiki ya pili ya vidonge nilianguka jikoni kwake, mara moja, nikang'ata ulimi. Nilipozinduka, wazo langu la kwanza, nakuapia, lilikuwa kukimbia kwa Bwana Sipriani nikaiombe ile chupa. Daktari akaongeza kiasi. Kila asubuhi nilimeza kidonge, nikakaa kitandani nikajifinya vidole vya miguu, kimoja kimoja, kumi vyote. Hakuna. Nikavaa viatu kwa kutazama.

Siku Bwana Sipriani aliponiita, alinikuta nimefika kabla yake. Akanipeleka ndani. Kulikuwa na masanduku mawili ya panya weupe, wadogo, wasafi kuliko watoto wangu. Wa sanduku moja walikuwa wamenyweshwa maji matupu kila siku, wa sanduku la pili wamenyweshwa maji ya Mabukwe kwa matone, kulingana na uzito wao, kwa wiki kadhaa.

"Hawa wa maji," akasema, "nikiwapa kitu cha kuleta kifafa, wanaanguka. Hawa wa mti wako, hawaanguki! Mama, huu mti ni wa ajabu kweli. Ile mama mkwe yako si mwongo hata kidogo." Macho yalimng'aa. Nikamchukia kidogo kwa furaha yake.

"Na miguu?" nikauliza.

Akawasha kijiti kinachozunguka taratibu, cha kupima mwendo, akaweka juu yake panya wa maji. Panya alitembea, akatembea, akawa kama anacheza. Akamtoa, akamweka wa mti. Huyo alishika mara moja, miguu ya nyuma ikateleza, akaanguka kwenye pamba. Akamweka mwingine, naye akaanguka. Wa tatu hakumpandisha. Alimweka mezani tu, akatembea akiburuta miguu ya nyuma, akielekea ukingoni bila kuhisi ukingo. Nilinyoosha mkono nikamzuia. Nilikuwa nimeona jinsi ninavyotembea.

"Inatuliza mishipa," Bwana Sipriani akasema kwa sauti ya chini. "Alors, inatuliza sana. Haijui pa kuacha."

"Itarudi?"

"Panya, wengine niliwaachisha mapema, wameanza kurudi. Hawa wa muda mrefu sijui. Na panya si mtu, mama. Sitakudanganya."

Nikamuuliza swali jingine, nililokuwa nimelibeba miezi yote. Kama mtu mzima asiye na kifafa akinywea kikombe changu, anaweza kupata kifafa? Akashangaa. "Hapana, jamani. Kifafa hakiko kwenye kikombe. Kilichokuwa kwenye kikombe ni hiki." Akagonga chupa.

Nilirudi Buhinyuza maharage yakiwa yameshaanikwa. Leonidasi alinipokea barabarani, nikamweleza yote tukiwa njiani. Alisimama. Kisha akasema tusimwambie mama, atakufa kwa uchungu, tuseme tu kwamba hospitali imekataza. Nikakubali. Alipofika nyumbani alikichukua kikombe cha bluu na sahani yake, akavipeleka kunyweshea kuku. Ndivyo alivyoniomba msamaha, na nilimwelewa.

Siri niliitunza mpaka wifi yangu alipokuja tena. Mabukwe sasa alitembea na fimbo, na kwenye kizingiti alihitaji mtu. Wifi alimsaidia kuketi, akanigeukia. "Umerudi na miguu yako inatembea kidogo," akasema, "mama yetu umemwachia ugonjwa wako." Kweli vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuwasha wiki ile, usiku na mchana, kama siafu, na nilikuwa sijamwambia mtu kwa kuogopa kwamba vitaacha.

Nilisubiri wifi aondoke. Mabukwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anamenya karanga, nyingi zikimwangukia kwenye kanga. Nilikasirika. Sitajipamba: nilikuwa na hasira mpaka nikamsemesha nimesimama.

"Mabukwe," nikasema, "sikukuambukiza. Ni dawa. Wamepima Gitega, nimeona kwa macho yangu. Ni mizizi yako iliyotufanya hivi, wewe na mimi."

Hakushtuka. Aliendelea kumenya.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu midomo yangu iliposhikwa ganzi. Ulikuwa bado hujapoteza kandambili."

Nilihesabu miezi kichwani nikaona giza. Alijua aliponiambia ugonjwa unapitia chini, akaniongezea kikombe. Alijua nilipokuwa nafungwa vifungo na Keziya. Alijua nilipokaa peke yangu kwenye benchi la kanisa. Alikaa kimya wifi aliponiambia nimemwambukiza mama yao.

"Ukaniacha nisemwe," nikamwambia.

"Ningesema, wangekunyang'anya kikombe. Ungeanguka." Aliweka karanga chini. "Nilimwosha yule mtoto wangu aliyeungua kwa mikono yangu, mwananje. Ngozi ilibaki kwenye kitambaa. Nikasema basi, miguu iende, wewe ubaki."

"Ilikuwa miguu yangu, Mabukwe!" Nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. "Miguu yangu! Ungeniuliza!"

Aliivuta fimbo yake karibu, akaitazama miguu yake miwili iliyonyooka juu ya mkeka, mikavu, na vidole vyake havikucheza.

"Na yangu," akasema. "Ningekupaje nisichokunywa mimi?"

Nilikaa kwenye mkeka, nikaanza kumenya karanga.